Harufu ya Nanasi

Ungemfunga Nerima kitambaa machoni ukampitishia peremende puani, angekutajia ladha yake bila kubabaika. Alikuwa mfungaji wa peremende katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, kibarua wa miaka mingi, na pua yake ilikuwa imesomea hapo hapo. Ndimu haikumdanganya. Chungwa halikumdanganya. Nanasi ndilo alilolifunga kila siku kwenye meza yake, na lilikuwa limemkaa puani hata akiwa kanisani Jumapili. Kwa hiyo Jumamosi ile, aliporudi Dandora kutoka kazi ya nusu siku na kuinama kumwamsha binti yake, hakuwa na haja ya kuuliza mtu. Pumzi ya Mideva ilikuwa inanuka nanasi.

Hakutaka kumwonea mtoto. Alinusa viganja vyake mwenyewe kwanza, akanusa na mkono wa blauzi. Lakini yeye alikuwa na desturi ya kuoga kwenye bomba la kiwanda na kubadilisha nguo kabla ya kutoka, makusudi asije na harufu ile nyumbani, na siku hiyo alikuwa ameoga kama kawaida. Mikono ilinuka sabuni ya kipande. Aliinama tena. Lilikuwa nanasi kweli, tena si lile la sokoni, bali lile kali la kiwandani linalochoma pua kidogo.

"Umekula switi," alisema.

Mideva alifungua macho polepole. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, lakini siku za karibuni zilikuwa zimemkausha hadi mifupa ya mabega ikachomoza kwenye gauni.

"Sijakula, Mama."

"Usinidanganye. Mimi ndio nafunga hizo vitu."

"Haki ya Mungu sijakula. Naskia kiu."

Hiyo kiu ndiyo iliyompandisha Nerima hasira. Kwa mtoto mwingine, peremende ni jambo la kugombezwa kidogo na kusahauliwa. Mideva alikuwa na ugonjwa wa sukari, ule unaowashika watoto, na hospitalini Nerima alikuwa ameambiwa waziwazi kwamba ukichezewa unaua. Sasa mtoto anaanza kuufanyia mzaha, na mama yake asimame tu akimtazama akienda?

Siku ile walipogundua ugonjwa, muuguzi mmoja mrefu aitwaye Sista Batulo alimketisha Nerima kwenye benchi akamwuliza swali ambalo hakulitarajia: huko kwenu maji mnachota wapi? Nerima akamwambia wanachota kwenye bomba la plot, ule ua wa vyumba vya kupanga. Na nani ana ufunguo wa bomba? Mwenye plot. Na akisafiri? Tunalala bila maji, Nerima akasema. Na bomba lenyewe limejaa? Limejaa.

"Basi hivyo ndivyo ulivyo mwili wa mtoto wako," Sista Batulo alisema. "Mwili umejengwa kwa vyumba vidogo vidogo ambavyo huvioni kwa macho, vinaitwa seli. Kila chumba kinangoja sukari ndio kipate nguvu. Sukari iko, imejaa kwa damu kama maji kwa bomba. Mwenye kufungua ni insulini, na mwili wa huyu hautengenezi insulini tena. Ndio tunamdunga. Usipomdunga, sukari inafurika kwa damu, inamwagika kwa mkojo, na vile vyumba ndani vinakaa njaa. Damu imejaa chakula na mtoto anakufa njaa. Umeelewa?"

Nerima alielewa kuliko alivyokuwa amewahi kuelewa kitu chochote shuleni. Alijifunza kudunga, asubuhi na jioni. Alijifunza kupima mkojo kwa vikaratasi: kikibaki cha buluu, mambo ni shwari, kikigeuka kijani, angalia, kikifika rangi ya kahawia, kuna hatari. Shida ilikuwa dawa yenyewe, maana inataka baridi, na chumba chao cha mabati mchana huwa tanuri. Katika plot nzima friji ilikuwa moja tu, ya Nthoki, Mkamba mwenye duka pale getini, ambaye kila mtu alimwita Mama Ngui kwa jina la mwanawe. Aliuza soda, maziwa na barafu za watoto. Nerima alimpelekea kichupa akamwambia ni dawa ya mtoto, inataka baridi. Nthoki alikipokea kwa mikono miwili kama aliyekabidhiwa kitoto kichanga. Tangu siku hiyo Mideva alikuwa akikimbia dukani asubuhi na jioni kukichukua, akidungwa anakirudisha.

Mambo yalienda vizuri miezi mingi. Halafu, ghafla tu, vikaratasi vikaanza kugeuka. Kijani leo, kijani kesho, mwishowe kahawia kila asubuhi. Nerima hakubadilisha chochote, dawa ni ile ile, kipimo ni kile kile. Kitu kimoja tu ndicho ambacho hakuweza kukilinda, nacho ni mdomo wa mtoto wakati yeye yuko kazini. Akaficha sukari. Akapunguza ugali. Kila karatasi ilipogeuka, alimgeukia Mideva na swali moja, umekula nini? Na Mideva alijibu neno moja, sijakula. Karatasi haina sababu ya kusema uongo, Nerima alijiambia. Mtoto anayo.

Kumpeleka hospitalini kabla ya siku ya kliniki alikuogopa. Mara moja alikuwa amemwona daktari akimfokea mama mmoja mbele ya foleni nzima, ati unamlisha nini huyu mtoto, unataka kumwua? Aliona afadhali avipigane vita hivi nyumbani kwanza, avishinde, kisha aende na karatasi ya buluu.

Juzi jioni Mideva alikuwa amemwambia jambo lililomkera zaidi. Alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani, akasema, "Mama, labda nakula nikiwa nimelala. Labda naamka na sijui. Nifunge mikono."

"Wacha sinema," Nerima alimjibu, akazima taa.

Na sasa nanasi. Nerima alipindua godoro. Alimwaga mkoba wa shule sakafuni, akakung'uta kila daftari, akapekua hadi ndani ya viatu. Hakupata hata kipande cha karatasi ya manjano ya kufungia peremende. Badala ya kumtuliza, jambo hilo lilimchoma zaidi, maana ilimaanisha mtoto amekuwa mjanja.

"Karatasi umeficha wapi?"

Mideva alijaribu kujibu, akageuka akatapika ukingoni mwa kitanda. Yalitoka maji matupu. Kisha akalala tena, akawa anahema kwa nguvu, kifua kinapanda na kushuka kama mtu aliyebeba debe la maji toka bombani. Nerima aliona, na moyo ulimpasuka. Lakini hofu na hasira zilikuwa zimeshikana ndani yake kiasi kwamba hakujua ipi ni ipi. Amekula mpaka ametapika, aliwaza. Na kama switi hazitoki kwangu, zinatoka kwa lile jagi la plastiki lililo kaunta kwa Mama Ngui. Kila siku asubuhi na jioni namtuma mtoto mwenyewe kwenda kusimama mbele yake!

Alimsogezea jagi la maji. "Hutoki hapa mpaka nirudi," alisema. Nerima akatoka, akaufunga mlango kwa nje na kufuli, akautia ufunguo kifuani. Alitaka kuhakikisha kwamba mtoto hatapata tamu nyingine yoyote siku hiyo, na kwamba dawa ya jioni ataileta yeye mwenyewe, aidunge kwa mkono wake na kuona ikifanya kazi.

Dukani kulikuwa na pikapu ya soda. Kitonga, dereva wake, alikuwa anashusha kreti huku akitaniana na Nthoki kwa Kikamba. Nerima hakusalimia.

"Mama Ngui, unampea mtoto wangu switi?"

Nthoki aliganda na chupa tupu mkononi. "Ati nini?"

"Ananuka switi. Mdomo wote. Hakuna mahali ingine anaenda isipokuwa hapa kwako."

"Mama Mideva, kwani tumekosana? Mimi nimpe mtoto wako sumu, na najua ni mgonjwa? Hata akiomba simpei, na hajawahi omba." "Huyo mtoto akikuja hapa haangalii hata hiyo jagi. Anaangalia chini."

"Basi anatoa wapi?"

"Mimi sijui. Lakini usiniletee hiyo maneno kwa duka yangu mbele ya watu." Nthoki alifuta mikono kwa leso kwa ukali. "Ngoja nikupe dawa yako, ukae nayo, kama hatuaminiani."

Alifungua friji. Nerima alitegemea kumwona akiinama upande wa chini, pale penye maziwa. Nthoki alinyoosha mkono juu, akafungua kile kimlango kidogo kilichosongwa na theluji, akasukuma kando vifuko vya barafu za watoto, akachukua kisu cha mkate na kuanza kubandua kitu ukutani. Kilipobanduka, alikipangusa kwa leso, akakitia kwapani, akabana mkono.

"Unafanya nini?" Nerima aliuliza.

"Naipasha joto. Ndio ivunje baridi."

"Kwa nini?"

"Si imeganda. Siwezi mpea mtoto kitu imekuwa jiwe adungwe nayo. Kila siku naitoa mapema, naipasha hivi, ndio Mideva akikuja aipate iko sawa." Nthoki bado alikuwa amekasirika, lakini jambo hili alilisema kwa fahari kidogo. "Hapo chini ilikuwa inashika joto. Stima siku hizi inapotea potea, na hawa watoto wanafungua friji wakitafuta soda. Nikasema, hii ni roho ya mtoto wa watu, wacha niiweke kwa baridi yenyewe. Hata nyama hapo inakaa mwezi."

Nerima alinyoosha mkono. Nthoki akakitoa kichupa kwapani, akampa.

Dawa ile, ikitikiswa, huwa nyeupe laini kama maziwa yaliyotiwa maji. Nerima alikigeuza kichupa kwenye mwanga wa mlangoni. Vibonge vyeupe vilikuwa vimeng'ang'ania kioo, kama maziwa yaliyokatika. Asubuhi na jioni mtoto alikuwa akimletea sindano tayari imevutwa? La, hata. Kichupa chenyewe kilikuwa kikija mikononi mwake kila siku, naye alikuwa akivuta dawa haraka haraka, macho yake yako kwenye midomo ya Mideva akitafuta alama ya sukari. Hakukitazama hata mara moja.

Hapo sauti ya Sista Batulo ilimrudia na nusu yake ya pili, nusu ambayo hakuifikisha dukani. Iwekwe mahali pa baridi, mama, lakini isigande. Ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka.

Alikuwa anamdunga mtoto dawa iliyokufa. Alikuwa amemdunga hivyo siku hizi zote, kisha akimwuliza umekula nini. Lakini kama Mideva hakula, lile nanasi lilikuwa linatoka wapi? Hilo hakulijua, na kutolijua kulimtisha kuliko yote.

"Mama Ngui," alisema, na sauti haikuwa yake. "Mtoto wangu anakufa. Nimemfungia kwa nyumba."

Alikimbia. Nyuma yake alimsikia Nthoki akimwita Kitonga, na kreti ikianguka. Nthoki aliacha duka wazi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona Dandora.

Mlangoni mikono ya Nerima ilikataa. Ufunguo uligonga kufuli, ukateleza, ukaanguka, akauokota kwenye tope la maji ya kufulia, ukaanguka tena. Ndani hakukuwa na sauti ila ile ya kuhema. Nthoki alifika, akamnyang'anya ufunguo akafungua.

Jagi lilikuwa tupu, limelala ubavu. Mideva alikuwa sakafuni, macho nusu wazi, hamwoni mtu. Mikono yake ilikuwa imefungwa pamoja kwa kitambaa cha kichwa cha mama yake, kimezungushwa mara kadhaa kwenye vifundo na kukazwa kwa meno, maana ncha zake zilikuwa zimelowa mate. Alikuwa amejifunga mwenyewe.

Nerima alilia kwa sauti kama mtu aliyefiwa. Nthoki hakulia. Alimwinua mtoto mabegani, Nerima akashika miguu, wakampeleka kwenye pikapu kati ya kreti zilizobaki. Njia nzima ya kwenda hospitalini Nerima alihangaika na lile fundo. Vidole vilishindwa, akaling'ata. Lilipoachia, alama nyekundu zilibaki, naye akazisugua kwa kidole gumba bila kukoma, huku kile kifua kikipanda na kushuka mbele yake na harufu ya nanasi ikijaa pale nyuma.

Mungu akipenda kukusaidia hakuchagulii siku: Sista Batulo alikuwa zamuni. Aliinama juu ya machela, akavuta pumzi mara moja tu, akageuka akaita daktari na dripu kwa sauti iliyowafanya watu kwenye foleni wapishe wenyewe.

"Sista, hakula switi," Nerima alikuwa akisema, akimfuata mbio. "Dawa iliganda. Ananuka nanasi lakini hakula."

"Najua hakula." Sista Batulo alikuwa anatafuta mshipa, hakuinua macho. "Hajala kitu siku nyingi huyu. Chakula kimepita kwa mdomo tu, kwa seli hakijaingia. Seli zikikosa sukari hazikai kungoja, zinaanza kuchoma mafuta ya mwili. Na mafuta yakichomwa hivyo yanaacha asidi kwa damu, na hiyo harufu. Hapo anahema ndio aitoe. Si switi unanusa, mama. Ni mwili wake unajila." Sindano iliingia. "Sasa toka nje."

Nje, Nerima na Nthoki walikaa kwenye benchi moja, wameachana nafasi ya mtu mmoja katikati. Hakuna aliyeomba kwa sauti. Kila mlango ulipofunguka, wote wawili walisimama. Nerima alijua kwamba akiambiwa mtoto amekufa, hatakuwa na mtu wa kumlaumu, na alijua pia kwamba angemlaumu mwanamke aliye pembeni yake mpaka mwisho wa maisha yake. Alijichukia kwa hilo, na bado alijua.

Mideva alirudiwa na fahamu kesho yake, wakati watu wa kanisani walikuwa wanaanza kuingia wodini na vitabu vyao vya nyimbo. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nerima aliinama, na pumzi iliyotoka ilikuwa ya mtoto mgonjwa tu.

"Dawa ilikuwa imekufa," alimwambia. "Iliganda kwa friji. Ni mimi sikumwambia Mama Ngui vizuri."

Mideva alimtazama. "Kwa hivyo si mimi?"

"Si wewe."

"Hata nikiwa nimelala?"

"Hata ukiwa umelala."

Mtoto aligeukia ukuta, akalia bila sauti, na alipoguswa bega alilivuta kando. Nerima aliuacha mkono wake pale kitandani, karibu, asimguse, mpaka wageni wakaambiwa muda umekwisha.

Waliporudi nyumbani, Nthoki alikuja na chungu kikubwa alichokinunua sokoni Gikomba, na kingine kidogo cha kuingia ndani yake. Katikati alikuwa amejaza mchanga, akaumwagilia maji. Sista Batulo ndiye aliyemwambia kwamba vyungu vya namna hiyo vinatosha kuiweka dawa baridi bila kuigandisha. Nthoki alikitua kizingitini, akakataa kuingia.

"Niliiua mimi hiyo dawa," alisema. "Sijalala."

Ilikuwa rahisi kumwacha abebe mzigo ule. Nerima aliupima kidogo moyoni, kusema kweli.

"Uliweka vile nilikuambia," alisema. "Nilikuambia baridi. Ingia, chai iko motoni."

Miezi ilipita. Karatasi zilirudi kuwa za buluu, mashavu ya Mideva yakarudi, na mwenyewe akarudi shuleni na kelele zake. Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho hakikurudi: hakumtazama mama yake wakati wa kupima. Alitazama sakafu.

Kisha jioni moja karatasi ikageuka. Haikusimama kwenye kijani, ilienda moja kwa moja hadi kahawia, mikononi mwa Nerima, mlangoni penye mwanga. Mideva alikuwa kitandani. Aliiona. Polepole, pengine bila kujua, aliikutanisha mikono yake mapajani, kifundo juu ya kifundo.

Swali lile lile lilipanda kooni mwa Nerima. Lilifika kwenye ulimi. Alilimeza, na lilikuwa gumu kumeza kuliko ugali mkavu. Badala yake alienda kwenye chungu, akatoa kichupa, akakiviringisha viganjani, akakiinua mwangani. Alikitazama kila upande. Kilikuwa cheupe, laini, hakina hata chembe.

"Dawa iko sawa," alisema, kwa upole, kama anayejisemea. "Labda nilivuta kidogo. Wacha nione sindano."

"Mama."

Nerima aligeuka. Mideva alikuwa anamtazama machoni.

"Nilikula mandazi kwa kina Ngui. Nusu."

Nerima alikaa chini pale pale, kichupa mkononi. Alitaka kulia, na alitaka kumgombeza, na alitaka kumshukuru Mungu.

"Nusu gani," aliuliza, "kubwa ama ndogo?"

Mideva alifikiri kidogo. Kisha akaitenganisha mikono yake, akaipanua hewani, akamwonyesha.